Vugo Lilipopanda Makutini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najikuta natabasamu peke yangu: siku niliyomwuliza Bi Rukia swali ambalo mtaa wetu mzima ulikuwa umeliogopa. Nilikuwa msichana mwembamba, nimeanza juzi tu kuvaa buibui, na mdomo wangu haukujua kufungwa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza.

Kwetu ni Makutini, huko juu nyuma ya Langoni, wakujua. Siku hizi kuna mabati na matofali, lakini wakati ule ilikuwa udongo na makuti tu. Wazee wetu walikuja kutoka visiwa vya kaskazini wakikimbia vita, na mji ukawapa mchanga wa kujengea. Ukawapa na jina pia: wakuja. Kuku akipotea mjini, mwizi ni wa Makutini, hata kama kuku mwenyewe yuko uani analalia mayai. Najua nanyi vijana mna majina yenu mnayoitwa sasa, na nimesikia kwamba ukivuka maji hadi Mokowe ukaulizwa watoka wapi, wajibu "Langoni" haraka haraka. Sikugombi. Nataka nikusimulie tu.

Dada yangu Salha alikuwa ameposwa na kijana wa Langoni, muuza vitambaa, mpole wa kupindukia. Nawe waijua ada ya mji wetu wa Amu: bwana harusi ndiye anayeletwa nyumbani kwa mkewe. Kwa hiyo Langoni nzima ingekuja kuiona nyumba ya bi harusi. Nyumba yetu! Mama akakosa usingizi. Mwishowe akapata shauri. Alikuwa akiwafulia nguo watu fulani wenye nyumba ya mawe, nao walikubali kumwazima ghorofa ya chini kwa siku za harusi. Salha angeolewa humo kana kwamba ni kwao.

Sote tuliona ni shauri zuri, na mimi nikiwemo. Salha peke yake ndiye aliyenyamaza, lakini bi harusi kwa desturi hana neno, basi hakuna aliyemwuliza. Ajabu, eh? Nyumba yatafutwa kwa ajili yake, na yeye haulizwi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa ameketi akisuka ukili wa mkeka. Hakuinua uso.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Fungate ikisha, mume huyo atalala wapi? Au na yeye ni wa kuazima?"

Mimi nikacheka. Mama akalia. Ndipo akalitoa lililokuwa likimuuma.

"Vugo haliyi huku kwetu, mama. Mimi niliolewa kimya kama mtu anayezikwa. Sitaki na Salha aolewe vile."

Vugo la siku zile, mwanangu, halikuwa hili mnalopiga picha kwa simu. Alasiri wanawake walijipanga wakapita mitaani, kila mmoja na pembe ya nyati mkononi, akiigonga kwa kijiti, wakiimba na kutaniana hadi mlangoni kwa bi harusi. Lilizunguka mji. Likifika kisimani, chini ya mtaa wetu, liligeuka likarudi. Sisi watoto tulisimama kule juu tukilitazama linavyogeuka. Wakubwa walisema, "Wanatudharau hao." Huenda ilikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nikijiuliza ni nani hasa aliyewasikia watu wa mjini wakitudharau, na kila niliyemwuliza alinitajia mtu mwingine aliyesikia kwa mtu mwingine.

Kuuliza si ujinga. Siku ya pili baada ya mama kulia nikashuka hadi kwa Bi Rukia, kiongozi wa vugo, mwanamke mrefu ambaye hata wanaume walipunguza sauti wakipita barazani pake. Nilimkuta akikaanga bajia. Nikatoa shikamoo, akaitika. Ulimi haukungoja nikaribishwe.

"Bi Rukia, mbona vugo hugeuka kisimani? Mbona hamupandi kwetu?"

Akaniangalia mpaka bajia zikaanza kuungua.

"Mwana wa nani wewe?"

"Wa Makutini."

"Sikukuuliza mtaa. Nimekuuliza mamako."

Nikamtaja mama. Akaziopoa bajia zake nyeusi, akaketi.

"Tangu nishike pembe hii, hakuna mtu wa kwenu aliyekuya kunambia 'ndoo kwetu, karibu'. Vugo haliendi lisikoitwa, mwanangu. Harusi zenu mwazifanya kimya kimya, na huku chini twasema: watu wale hawataki watu." Kisha akashusha sauti. "Lakini sitakudanganya. Wako miongoni mwetu hata wakiitwa hawatapanda. Nyinyi iteni. Ndia ya kupanda twaijua wenyewe."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilipowasimulia, Bibi aliuweka ukili wake chini. Sikumwona akifanya hivyo mara nyingi.

"Basi miaka yote hii," alisema, akimtazama mama na shangazi zangu mmoja mmoja, "tumewanunia watu kwa karamu ambayo hatukuwaalika. Wao wana makosa yao, Mungu atawauliza. Haya ni yetu."

Mama akaenda mwenyewe kwa Bi Rukia kumwita. Nyumba ya mawe ikarudishiwa wenyewe kwa shukrani. Tukapaka kuta zetu udongo mpya, tukatandika mikeka, tukangoja.

Siku yenyewe tulizisikia pembe tangu mbali. Zikafika kisimani. Zikasita. Nilimwona shangazi wa bwana harusi akijifunika vizuri buibui lake, akageuka, na wengine wakamfuata. Hadi leo sijui aliona nini au aliogopa nini. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na hilo ndilo swali moja ambalo sikuwahi kuliuliza. Waliobaki wakapanda, miguu ikizama mchangani, Bi Rukia mbele.

Alipofika mlangoni alinyanyua mkono, pembe zikanyamaza.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza kwa sauti ya mtaa mzima.

Mama alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta neno, macho yake yakienda kwenye makuti, kwenye ukuta, kwenye viatu vya wageni. Aibu ilikuwa bado imemshika, maskini. Ndipo sauti ikatoka chumbani, ya bi harusi, mtu ambaye siku ile hakupaswa kusikika hata akikohoa:

"Ni yetu! Karibuni ndani!"

Nilidhani wangeguna. Kumbe Bi Rukia akaigonga pembe yake kwa nguvu zote, na wanawake wakaingia kwa vigelegele mpaka vumbi la ukuta mpya likatudondokea vichwani. Mama alilia tena, lakini kilio hiki nilikipenda.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiulizwa watoka wapi, taja kwenu kwa jina lake, kisha mkaribishe aliyekuuliza. Ukidhani watu wanakuchukia, nenda ukaulize, maana huenda ni kweli, na huenda ni maneno yaliyozeeka bila mwenyewe. Watakaokukataa wapo, sikufichi. Waache wageuke kwa miguu yao, lakini wewe usigeuke kwa niaba yao. Na nyumba unayoionea haya, kabla hujaificha, muulize anayelala ndani yake.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza na uso usioinama ukijibu. Akukutanishe na wenye kheri, akuepushe na fitina za mitaa, na mlango wako usikose mgeni wala cha kumpa. Amin, mwanangu, amin.