Dari Lililopigwa Kimya

Mtu akisikia habari za Bagamoyo ya siku zile, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, hudhani mji mzima ulikuwa kelele. Na kweli ulikuwa kelele. Misafara ikishuka kutoka bara ilifyatua magobori tangu mashambani mpaka forodhani, wapagazi wakipiga ngoma, punda wakilia, madalali wakigombania pembe za ndovu kana kwamba wanagombania mke. Lakini nyuma ya msikiti wa mawe palikuwa na mtaa wetu, nyumba chache za kale zilizoshikana mabega, na huko hata jogoo alijua mipaka yake. Jogoo mmoja aliyezoea kuwika kabla ya adhana aliliwa Ijumaa, na mwenyewe akatugawia mchuzi.

Tulikuwa na maringo ya ukimya. Wengine waliringia dhahabu, sisi tuliringia kutosikika. Mwanamke wa kwetu hakumwita mtu kutoka dirishani; alituma mtu akamwite. Nazi zilikunwa mlango umefungwa. Muuza mihogo aliyetoka Zinga na tenga lake kichwani alinadi njia nzima, "Mihogoo! Mihogo ya Zinga!" Akifika kona yetu alifunga mdomo, akavua makubadhi, akapita kwa ncha za vidole hadi upande wa pili, kisha akavaa na kuendelea pale alipoachia. Mimi nilimchungulia kwenye upenyo wa dirisha nikicheka mpaka mbavu zikaniuma, mto mdomoni.

Mkuu wa ukimya huo alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Hakuwa na cheo chochote, ila akikohoa mara moja barazani, mtaa mzima ulijirekebisha.

Basi mwaka ule nilichumbiwa. Kwa desturi yetu, mume huja kukaa kwa kina mke, kwa hiyo bibi alinijengea chumba cha juu. Posa ilikwisha kubaliwa, kuta zilikwisha simama, kilichobaki ni dari. Bibi aliapa kwamba hakuna mkwe atakayelala chini ya makuti katika nyumba yake ya mawe. Na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa ikining'inia. Ramadhani ilikaribia, na katika mwezi wa mfungo kwetu haozwi mtu. Baada ya Idi, ami yake mchumba wangu alikuwa anaondoka na msafara kwenda Unyanyembe, na alikwisha sema: kijana akiwa ameoa atamwachia duka, akiwa hajaoa atamchukua. Unyanyembe si mahali pa kwenda na kurudi. Kuna waliorudi na mvi, kuna waliorudi na mke wa huko, na kuna wasiorudi. Nami kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona kwenye upenyo uleule wa dirisha tu, akipita na kujikwaa kwa sababu macho yake yalikuwa juu. Nilimpenda. Niseme nini zaidi?

Dari hupigwa kiangazi. Letu lilichelewa kwa kuwa bibi alikwisha wafukuza mafundi wawili, mmoja kwa kupiga miluzi, mwingine kwa kucheka. Wa tatu alikuwa mtu mkavu, hapigi miluzi wala hacheki, naye alikuja masika yakiwa tayari yanatutazama. Alipanga boriti, akatandaza kokoto, udongo mwekundu na chokaa mbichi, kisha akamweleza bibi jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua: dari hupigwa kwa vipande, yaani virungu bapa vya mti, wanawake wamekaa safu kwa safu, kwa nyimbo na ngoma, bila kupumzika, mpaka chokaa ishikane iwe jiwe moja.

"Litapigwa," bibi akasema. "Nyimbo hapana."

"Bibi, mimi sijaona dari lililopigwa bila nyimbo."

"Basi utaliona. Huu si mtaa wa ngoma."

Na majirani, badala ya kumcheka, waliona fahari! Ndivyo tulivyokuwa. Wakaanza kujisifu, kwa sauti ya chini bila shaka, kwamba pwani nzima sisi ndio wa kwanza kupiga dari kwa adabu.

Mimi nilikuwa mwari, nimefungiwa ndani, nimepakwa liwa uso na mikono, chumba kizima chanukia msandali. Mwari haonekani na sauti yake haivuki mlango. Nilikaa chumba cha chini, karibu na ngazi, masikio juu.

Wanawake walipanda asubuhi. Lo, masikio yangu! Kila mmoja alipiga kivyake. Huyu tu, yule tu-tu, wa pembeni hapigi kabisa, halafu tu-tu-tu-tu kama mbuzi wanaoshuka ngazi. Mmoja alijigonga kidole akalia "Mama yangu!" kwa kunong'ona. Jirani wa mkono wa kulia alisinzia akalalia chokaa; walipomshusha shavu lake lilikuwa jeupe, naye akaapa kwamba alikuwa anavuta uradi. Bila wimbo mtu hajui aanze lini, na akianza haoni sababu ya kutoacha. Ilipofika adhuhuri walikuwa wamemaliza kona moja tu, ya upande wa kibla, na fundi alipoipapasa kwa kiganja akasema ina mawimbi.

Ndipo ngurumo ikasikika kutoka kusini.

Fundi alishuka. Bibi alikuwa amekaa barazani, nami nikauona mgongo wake kwa upenyo wa mlango. "Bibi," fundi akasema, "mvua ikilikuta hivi, chokaa yote itashuka njiani. Tutaanza tena baada ya masika."

Baada ya masika! Baada ya masika ni Ramadhani, na baada ya Ramadhani ni Unyanyembe. Mgongo wa bibi uliinama kidogo, basi. Huko juu vipande vilikwisha nyamaza.

Sijui nilikotoa ujasiri. Nilisimama, liwa imekauka inanivuta mashavu, nikashika ukuta wa ngazi, nikafungua mdomo:

Pigeni, mama, pigeni,
mvua iko njiani,
na bwana yu mlangoni,
nami nangoja chumbani!

Mwari! Tena kwa maneno yale! Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko wowote ambao mtaa wetu uliwahi kuringia, nikaona heri dari liniangukie yaishe.

Halafu, du! Vipande vyote kwa pamoja. Nyumba ilitetemeka, vumbi likanishukia kichwani. Kigelegele kikapaa, kisha wakaitikia, wanawake walewale wa kukuna nazi mlango umefungwa: "Nami nangoja chumbani!" Du! "Nami nangoja chumbani!" Du! Walicheka kwa sauti ambazo nilikuwa sijui wanazo.

Na wallahi bwana alikuwa mlangoni. Mimi sikujua. Ami yake alimtuma alete kikapu cha chokaa ya nyongeza, naye alifika kizingitini, kikapu kichwani, wimbo ulipomfikia yeye hasa. Mikono ikamlegea, kikapu kikampindukia.

"Shikamoo, bibi," alisema, mweupe toka kofia mpaka kucha.

"Marahaba. Kilichobaki mpe fundi. Na wewe ukaoge, unatisha."

Kisha bibi akaingia ndani kwangu, bakora mkononi. Nilirudi nyuma mpaka ukuta ukanizuia. Alinitazama toka liwa hadi vidole vya miguu.

"Chini mno," akasema. "Wa upande wa kibla hawakusikii."

Akapita, akafungua dirisha nililokatazwa tangu utoto kulifungua, akavuta pumzi, akaimba. Ee Mola! Sauti ya kukwaruza, pana, yenye nguvu, na maneno yake yaliufanya wimbo wangu uonekane kama wa watoto wa chuoni. Alikuwa na beti kwa beti, hata sijui alizificha wapi miaka yote ile. Wapagazi waliokuwa wakipita njia kuu waligeuza ngoma zao wakaja kusimama chini ya dirisha. Muuza mihogo alifika kona yetu, akasimama, akasikiliza, akapita katikati ya mtaa na makubadhi yake miguuni akinadi kwa pumzi zote, "Mihogoo!" na hakuna aliyekohoa.

Mvua ilizunguka ikaenda kunyesha Zinga, kwetu ikadondosha matone machache. Kesho yake wakapiga tena, na siku iliyofuata, kwa ngoma kamili, mpaka dari likalia kama jiwe. Masika yalipofika kwa hasira zake, maji yaliteleza juu ya dari yakaenda zake. Nikaolewa Shabani ikiwa ukingoni. Mume wangu aliingia chumbani akiwa bado na chokaa ndani ya sikio, nami nikacheka mpaka kungwi akanifinya. Duka alipewa. Unyanyembe walikwenda wengine.

Ila ile kona ya kibla, iliyopigwa kimya, ilivuja. Fundi alitaka kuivunja aipige upya. Bibi akakataa. "Hiyo ni yangu," alisema. "Iacheni."

Kila masika, mpaka kufa kwake, alipanda kwangu na bakuli la shaba, akalitega konani, akakaa kitandani pangu. Tone likianguka, tang! Naye alisema, "Nisikieni nilivyokuwa mkaidi," kisha akaanza wimbo, polepole, akinikonyeza kwenye ubeti wa bwana mlangoni. Nilimpenda sana mwanamke yule, na mpaka leo ananitoa machozi.

Mtaa wetu bado mkimya. Wanangu wamechoshwa na bakuli, wanataka kuita fundi aizibe kona. Nimewaambia wangoje nife kwanza. Mvua ikianza napanda, natega bakuli, na tone likilia namwitikia bibi kwa sauti ya kutosha, dirisha wazi.