Waya za Délice Shambani kwa Pudentienne

Mwanzoni adui wa Délice Kaneza walikuwa ng'ombe. Alitandaza waya zake za kupimia ardhi katika uwanda wa Ruzizi, kati ya Bwegera na Nyakabere, na kesho yake alizikuta zimekatwa kwa kwato au zimetafunwa kwa ajili ya chumvi aliyoimwaga kwenye mashimo ya ncha zake ili umeme upite vizuri. Mwishowe akamwendea mchungaji mwenyewe, Ndahiro, mtu wa milima ya juu aliyekuwa ameteremka kutafuta majani, akamwomba awe mlinzi wa waya.

Ndahiro alicheka sana. "Ng'ombe zangu ndizo zinaharibu, halafu weye unanipa kazi?"

"Nani ataweza kuzizuia kuliko weye?"

Délice alikuwa mtoto wa Kasenga, mjini Uvira, binti wa fundi cherehani, na alikuwa amesomea mambo ya miamba Bukavu. Kampuni iliyomwajiri ilitafuta mvuke chini ya chemchemi za maji moto, mvuke ambao siku moja ungeweza kuzalisha umeme. Mitambo yake haikuchimba wala kulipua chochote. Ilisikiliza tu. Radi za nchi za mbali na tufani za jua hutuma mawimbi yanayozama ardhini. Kwenye mwamba mkavu umeme wake hupita kwa taabu, penye maji moto ya chumvi hupita kwa wepesi. Katikati ya shamba kulikaa sanduku la kunasa vipimo, waya nne zikinyooka pande nne, na bobini tatu za kunasa mawimbi hayo zikafukiwa, mirija mirefu minene kama paja la mtu. Pudentienne, mjane mwenye shamba hilo la mpunga, aliposikia habari hizo alisema, "Basi isikilize vizuri. Mashini yetu ya kukoboa mpunga inakunywa mafuta ya mazutu kama mulevi."

Mwaka huo milima ya juu ilikuwa ikiwaka. Vijiji vilichomwa, mifugo ikaporwa, na huku chini mtu wa milimani akipita njiani mazungumzo yalikatika. Gratien, mhandisi mkuu, akapiga simu kutoka Bukavu: vifaa vyote virudi, kazi imefungwa.

"Kimebaki kituo kimoja hakijamaliza kupima, patron," Délice alimsihi. "Kile cha shambani kwa Pudentienne, karibu na chemchemi. Bila hicho yote tuliyopima ni bure."

Gratien alikubali shingo upande, waya zibaki usiku mmoja zaidi.

Asubuhi iliyofuata, Délice akifunga mizigo yake Kasenga, Pudentienne alimpigia. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Usikuje huku. Vijana wa silaha wamekuta waya zako. Wanasema Ndahiro iko anaita ndugu zake wa milimani kwa simu ya chini ya udongo. Wamemufunga."

"Iko muzima?"

"Bado."

Mama yake alimshika mkono mlangoni, na Délice akajinasua. Mwenye pikipiki alimshusha kabla ya kufika Bwegera, akageuza. Njia iliyobaki alikwenda kwa miguu, akijua kwamba kituo hicho kimoja ni yeye aliyekiomba.

Alimkuta Ndahiro amepigishwa magoti tutani, mikono nyuma, sikio likimtoka damu. Aliyekuwa akiitwa Kapiteni, kijana mwenye sauti ya mafua, alimwonyesha Délice kwa mdomo wa bunduki pale udongo ulipokuwa umetifuliwa.

"Hapa mumezika bomu."

"Si bomu, Kapiteni. Ni kitu ya kusikiliza udongo."

"Basi fukua weye. Na mikono."

Wote wakarudi nyuma. Délice alifukua. Alijua vizuri kilichomo, maana alikizika mwenyewe, lakini macho ya watu wale yalimwingia hata yeye akaanza kuogopa. Aliuinua ule mrija. Kapiteni akaupasua kwa panga, ukatoka uzi wa shaba, mwingi, mwekundu, ukamwagika miguuni pake. Mmoja wao akacheka.

"Weye enda," Kapiteni alisema. "Huyu anabaki."

"Huyu ni mutumikaji wangu. Waya ni zangu, na mwenye kumuweka hapa ni minye."

"Nimesema enda."

Délice hakuwa na kitu kingine mkononi. Aliona redio ya mawasiliano kiunoni mwa Kapiteni, imezimika, na macho ya kijana huyo yakienda tena na tena kwenye betri kubwa na kioo cha umeme wa jua pembeni mwa sanduku.

"Redio yako imekufa," alisema. "Ninaweza kuifufua. Chukua betri, chukua na kioo. Mumufungue Ndahiro."

Akaunganisha waya pale pale. Taa ndogo ya redio ilipowaka, Kapiteni alikata kamba za Ndahiro. Pudentienne alitoka nyumbani akampitisha katikati ya mpunga, naye mchungaji akashika njia ya milimani. Ng'ombe wake walibaki mikononi mwa vijana.

Kampuni haikumsamehe Délice. Walisema ametoa vifaa vyao kwa wenye silaha, na ilikuwa kweli. Sanduku lilirudi limepasuka. Vipimo vya kituo kile havikusomeka, na kilichomo chini ya chemchemi hakikujulikana. Alipata kazi ya kufundisha fizikia katika shule moja pale Kasenga.

Mvua zilipoanza, wakimbizi waliteremka kutoka milimani. Miongoni mwao alikuwa Mukansanga, mke wa Ndahiro, aliyeuliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwa Délice. Mume wake, alisema, yu hai, amejificha na wazee wasioweza kutembea. Lakini kijiji kimeteketea. Vijana wa silaha walikuja kutoka pande tatu kwa pamoja.

"Walikuwa wanasemezana na redio," Mukansanga alieleza. "Kila njia tuliyokimbilia, walikuwa wamekwisha kuambiana."

Délice alikaa chini. Angeweza kunyamaza. Akamweleza yote, betri na kioo na taa ile ndogo.

Mukansanga alimhamisha mtoto aliyekuwa akinyonya kifuani pake.

"Bila betri, minye niko mujane," alisema. "Na kwa betri hiyo, dada yangu hana nyumba, na watoto wake wawili tumewazika. Unataka nikuambie nini?"

 Délice aliinuka akatandika kitanda chake kwa ajili ya mgeni, naye akalala kwenye mkeka chumbani kwa mama yake. Mukansanga alikaa humo mpaka alipopata nafasi katika kambi ya wakimbizi, na siku zote hizo walipika pamoja, wakizungumza juu ya chumvi na kuni tu.