Perege Kwenye Karai

Juzi, mjini Kasulu, niliona samaki kwenye tangi la kioo wakilinda mayai yao, nikamkumbuka perege wetu wa utotoni, kijijini Kitahana. Mama alimnunua angali hai, akamweka kwenye karai la maji huku mawese yakinukia motoni. Nilimtupia ugali, akaukataa. Kisha akafumbua mdomo, vitoto vikatoka, vikaogelea, vikarudi humohumo.

“Mama, amemeza wanawe. Ukimkaanga, unawakaanga na wao.”

“Toka hapo.”

Nikalikumbatia karai. “Sitoki. Na chakula sili.”

Mama alinitazama, akaipua kikaango, akaenda kuchuma mboga. Nami sikuionja.

Leo najua perege yule hakuwameza. Aliwalea mdomoni, na perege anayelea hivyo hali kitu. Kumbe tuligoma wawili.