Mbabula pembeni ya busole

Ilunga, toka mu chumba! Baba ya bajukuu yangu, unajificha nyuma ya rido ya mulango?

Bamama ba Kamalondo, musikilize.

Mutoto wangu Ilunga, fundi wa garaje, aliweka mashine mu bwato ya rafiki yake Kasongo, muvuvi. Inashika usukani yenyewe, inafuata busole, ile dira ya sindano. Akamuambia: "Vieux, rafiki yangu, lala tu. Itakufikisha."

Lakini busole, Ilunga aliifunga pembeni ya mbabula, jiko ya makala, pale bavuvi banapikaka bukari! Chuma ya mbabula ikavuta sindano ya busole. Ni yeye mwenyewe aliniambia, na machozi.

Kasongo akalala. Bwato ikageuka, ikagonga miti yenye kufa mu ziwa. Leo tulimuzika.

Sasa musikie aibu. Ku kilio, ndugu za Kasongo banamulalamikia bibi yake, ule mujane: "Mulozi! Ni weye ulimukula!" Masufuria yake bamekwisha kutupa inje.

Ilunga alikuwa pale, anaangalia bilato yake ku miguu. Nikamufinya aseme.

"Mama, batanipiga."

Bakupige!

Citoyennes, bamama wenzangu, ninyi mungenyamaza?

Ilunga, vaa shati. Enda sasa, useme mbele ya bote: "Ni miye niliweka busole pale." Useme kabla habajamufukuza yule mama na batoto.