Siku Babu Alipoandika Kuhusu Maziwa

Mtu akikuambia kwamba kuandika makala ya kitabibu ni kazi ya akili, muulize kama amewahi kupanga marejeleo. Mimi akili nilimaliza kuitumia mapema. Kilichobaki kilikuwa koma, nukta na hasira.

Mimi ni muuguzi hapa Isiolo. Daktari wa kituo chetu na mimi tuliandika makala kuhusu homa ya maziwa, ule ugonjwa unaompata mtu akinywa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa: homa ya kuja na kwenda, jasho, mgongo kuuma kama wa mpakuzi wa magunia. Wagonjwa niliwahoji mimi, kwa Kiborana na kwa Kiswahili, kwa hiyo daktari akasema jina langu ndilo litangulie. Nilifurahi sana, mpaka aliponiambia kwamba na marejeleo ni yangu.

Jarida tulilolipelekea makala lilikuwa na masharti kushinda mahari. Kila chanzo kipewe namba kwa kufuata kinavyotokea katika makala. Jina la ukoo lianze, kisha herufi za kwanza za majina mengine, bila nukta. Waandishi wakizidi sita, uwataje sita, wengine uwamalize kwa kuandika "na wenzake" kwa Kilatini. Majina ya majarida yafupishwe, lakini si kwa kifupi unachokipenda wewe. Nikishamaliza yote hayo, daktari anapita na kikombe chake cha chai: "Sister, ongeza hii moja tu, pale mwanzo." Hiyo moja tu inasukuma namba zote, ya tatu inakuwa ya nne, ya nne inakuwa ya tano, hadi mwisho wa orodha. Siku ya kwanza nilisema sawa. Baadaye nikamwambia akiongeza tena, nitamwongeza yeye kwenye orodha ya wagonjwa.

Kumbe balaa haikuwa huko. Kwetu Waborana hakuna jina la ukoo. Una jina lako, linafuata la baba, linafuata la babu, basi. Fomu ya jarida iling'ang'ania jina la ukoo, nami nikaandika lile la mwisho kwenye kitambulisho changu. Nakala ya mwisho ilipoletwa tuikague kabla haijatoka, juu ya kila ukurasa lilikuwepo jina la babu yangu, na wenzake. Mimi na marehemu baba tulikuwa tumebaki herufi mbili nyuma yake.

Sasa, huyo babu yuko hai, ninaishi naye, na hakuna mtu kati ya Isiolo na Merti anayechukia maziwa ya kuchemshwa kama yeye. Kwake hayo ni maiti. Nikimpa, anayanusa, anaita paka. Na kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka shuka imelowa jasho, anainuka ameshika kiuno, na kupimwa hataki. "Ni uzee tu," anasema. Uzee gani huo unaoingia jioni na homa na kuondoka asubuhi? Nilijua ni nini, na nilikuwa naogopa. Vile vyanzo vyote nilivyovipa namba nilikuwa nimevisoma, na nilijua ugonjwa ule ukiachwa unaweza kufika kwenye mifupa, hata kwenye moyo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mjukuu huvunjika nini, hawasemi.

Nilichapa ile nakala niikague vizuri, nikaiacha mezani, nikaenda kazini. Babu hajui kusoma, lakini jina lake analijua, maana alifundishwa kuliandika anapotia sahihi. Akaliona. Akafunua ukurasa wa pili, likawepo. Wa tatu, likawepo. Akazikunja karatasi, akazitia kwenye koti na kuelekea soko la mifugo kuwaonyesha wazee wenzake. Huko ana rafiki, mzee Msomali aliyeendesha malori miaka mingi, na Kiingereza anakijua. Rafiki akavaa miwani, akawasomea watu kwa sauti huku akiwatafsiria, kila mmoja na chai yake mkononi.

Jioni nilimkuta babu ananisubiri mlangoni.

"Wewe msichana. Mimi nimesema nini kwa hii karatasi?"

"Umesema maziwa ichemshwe, Babu."

"Nimesema lini?"

Nikamweleza habari ya fomu. Alinisikiliza kama anayesikiliza mwizi wa mbuzi akijitetea.

"Hiyo jina ni yangu. Toa."

"Nitatoa. Nitaweka ya baba."

"Baba yako pia hakuchemsha!"

Nilicheka, akanikata jicho. Lakini moyoni niliumia. Kazi yote ile, na mtu niliyetaka aisikie kuliko wote alikuwa amesikia jina lake tu. Nikakaa kumwandikia mhariri barua ya kubadilisha jina.

Asubuhi, kabla sijaituma, yule rafiki yake akabisha hodi.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Mama wa nyumba ana homa, sasa siku nyingi. Jasho, mgongo, hawezi kuinama. Nimekuja kuuliza wewe, juu ni wewe umeandika. Hata ya ngamia tuchemshe?"

Nikamtazama babu. Angeweza kusema ni makosa ya mjukuu wake, mambo yakaishia hapo. Lakini alikuwa amelionyesha jina lile kwa soko zima, na rafiki yake hakuwa anatania; macho yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Babu akakohoa. Akapanga kofia yake, ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Chemsha," akasema. "Ya ngamia, ya mbuzi, ya ng'ombe, yote. Na umpeleke huyo mama apimwe. Usingoje."

"Na wewe, ulipimwa?"

Babu akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Nilikuwa naenda leo," akasema.

Sijawahi kuvaa viatu kwa haraka namna ile.

Kituoni, mhudumu wa maabara alipomuuliza jina, babu alilitaja taratibu kisha akaongeza, "Ni ile iko kwa karatasi ya daktari." Mhudumu hakuelewa kitu, lakini wagonjwa kwenye benchi walisogea wakampa nafasi. Nami nikaifuta ile barua kwa mhariri, nikamjibu kwamba nakala iko sawa, ichapishwe ilivyo.

Majibu nilikabidhiwa mimi. Yalikuwa yale yale niliyoyaogopa. Niliingia stoo ya dawa nikalia kidogo, kwa hofu, na pia kwa furaha, kwa sababu sasa angeweza kutibiwa. Nikanawa uso, nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwambia ni homa ya maziwa, tena imekaa mwilini muda mrefu. Atameza dawa wiki kadhaa bila kuruka hata siku moja, na atapona inshallah.

Aliweka mikono yote miwili juu ya bakora yake. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuza ngamia kwa bei nzuri.

"Basi niliandika ukweli," akasema.