Siku Nilipomkataza Kulia

Kwetu Chome, huko mlimani, mtoto husifiwa kwa kunyamaza. Akijikata na panga shambani asitoe chozi, jirani ataambiwa, na jirani ataipeleka sifa mbele. Binti yangu alikuwa na miaka saba na sifa hiyo alikuwa nayo tayari. Mimi ndiye niliyemjaza, nikajiona baba hodari.

Alipoanza kupauka na kutoka damu kwenye fizi, tuliteremka Same, na Same wakatupeleka hospitali kubwa. Daktari akasema damu yake inaharibikia huko inakotengenezwa, ndani ya mfupa, kwa hiyo lazima wachukue uloto kidogo kwenye nyonga. Nesi, dada mpole, aliinama akamwambia, "Tunakuchoma ganzi kwanza. Ukisikia maumivu sema, tutaongeza."

Sasa, kitanda cha jirani, pazia tu katikati, alikuwapo mama mmoja wa Hedaru anayepanda kwetu kununua tangawizi. Mama yule na maneno, usiseme. Nikaona habari zitafika mlimani kabla yetu. Nikamwinamia binti yangu: "Usilie. Usituaibishe mbele za watu." Mpumbavu mimi!

Hakulia. Sindano ilipoingia mfupani alinikodolea macho tu, nami nikamwitikia kwa kichwa, kwa fahari. Daktari akaendelea, akidhani ganzi imeshika. Walipomgeuza tukaona amejing'ata mdomo, na ile damu yake isiyoganda imelowesha shuka. Nesi akaniuliza bila kupandisha sauti, "Baba, ulimwambia nini?" Nyuma ya pazia nilimsikia yule mama wa Hedaru akilia.

Mficha uchi hazai. Methali hiyo nimewahi kuwatolea wengine mara nyingi, tena kwa ukali.

Tulibaki wodini kwa matibabu. Mwezi ulipokwisha ikabidi wachukue uloto tena, waone kama dawa zinafanya kazi. Safari hii nilijiandaa. Tangu asubuhi nilimbembeleza: kulia si aibu, hata mimi nililia siku aliyozaliwa. Alinisikiliza kwa adabu. Tulipofika kitandani nikapiga magoti, watu wakiona, nikamwambia, "Mwanangu, leo lia. Piga kelele kabisa. Nakuomba."

Akanipapasa shavu. "Usijali, baba. Haiumi."

Nesi alikuwa bado hajafungua pakiti ya sindano.