Mama Mkwe Aliponikanya

Siku yangu ya kwanza kuchuma kahawa naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura nifunge virago nirudi kwetu. Nilikuwa bi harusi mpya hapa Itaka, mtoto wa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto na mpunga. Kahawa niliijua ya kwenye kikombe tu, na hiyo yenyewe kwa nadra.

Mama mkwe alinipa ndoo, akanionyesha mstari wangu, akaenda zake. Nami nikataka sifa. Kwetu mpunga huuvuni punje moja moja, unashika mashuke mkono mzima. Basi nikawa nalishika tawi la mbuni shinani, navuta mkono hadi nchani, pwaa! Nyekundu, kijani, majani, vyote ndani. Ndoo ikajaa wenzangu hawajafika nusu. Nilijiona hodari, jamani!

Shangazi wa mume wangu ndiye aliyeichungulia ndoo ile.

"Njooni muone! Huyu katuletea majani tuuze! Na machipukizi ya mwakani kayamaliza. Huko bondeni hawafundishwi kazi. Arudishwe kwao!"

Wachumaji wote wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alikuwa safarini, na mama mkwe alikuja akaiweka ndoo yangu pembeni tu, akarudi kwenye mstari wake. Nikajua nimeachika. Nilichuma mchana kutwa huku nalia.

Jioni, watu walipoondoka, mama mkwe akaniita kwenye mbuni mmoja niliouchuna. Nikapiga magoti.

"Inuka, mwanangu. Tazama tawi lilivyochunika. Mwakani hapa hatupati kitu. Umekosea."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na mimi nilikupa ndoo bila kukuonyesha mkono unavyokwenda. Iliyoiva unaizungusha hivi, inakuja yenyewe. Usirudie."

"Sirudishwi kwetu?"

"Kwa matawi ya kahawa? Nani akurudishe?" Akacheka. "Twende tukapike."

Moyo wangu ulitua, mwanangu, ukatua kabisa. Ugali wa usiku ule niliula mpaka nikaona haya. Kesho yake shangazi alipoanza tena, mama mkwe alimkatiza: "Wifi, mkamwana wangu nimeshamkanya. Yamekwisha." Na kweli yakaisha.

Juzi ulinipigia simu kutoka Tunduma, ukaniuliza lile neno la Kiingereza, "reprehend", Kiswahili chake nini. Ukanisomea uliyoyapata: kukemea, kukaripia, kulaumu, kushutumu. Yote yamo, yote ni kumwambia mtu kuwa hukulipenda alilotenda. Lakini hayana uzito mmoja. Shangazi alinishutumu, akaniaibisha na kwetu kote. Mama mkwe alinikanya. Kosa lilikuwa lile lile, ila mmoja alitaka niondoke, mwingine alitaka nijue kuchuma.

Sikwambii unyamaze. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sasa una vijana chini yako hapo dukani. Akikosea mmoja, mwite kando, litaje kosa kwa jina lake, mwonyeshe inavyofanywa, kisha usilifufue tena. Wateja wasisikie. Wala usitaje kabisa kwao alikotoka.

Mungu akulinde huko mpakani, mwanangu, aubariki ulimi wako na mikono yako. Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea tu, akujalie ukemewe na mtu anayekupenda.